Viatu Vilivyokatwa kwa Wembe

Fundi viatu hakuwa mtu wa maneno. Maneno alimwachia mkewe, na mama wa watu aliyatumia yote bila kubakisha. Wateja walileta soli zilizobanduka, wakaketi naye kwenye benchi la mlangoni, wakacheka mpaka machozi. Fundi alikuwa ndani na sindano yake, misumari mdomoni, akichekea puani. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka thelathini akijiona ana marafiki tele.

Mkewe alipofariki, benchi lilishika vumbi. Viatu vya plastiki vilikuwa vimeshajaa kijijini, vikikatika vinatupwa. Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila Jumapili. "Baba, umekula?" "Nimekula." Basi, hadi Jumapili nyingine. Kuna siku Fundi alikohoa, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Chama cha kijiji kilikuwa na kanuni moja: mtu asipitishe siku tatu bila kupigiwa hodi. Lakini waliokwenda kwa Fundi waliishia kutazama dari na kuaga. Mwenyekiti wa chama, mdogo wa kike wa marehemu, akakata shauri. "Shemeji yangu namjua. Msimwendee mikono mitupu. Mpelekeeni kazi."

Kazi ikamiminika. Fundi akanyoa ndevu, akapangusa benchi. Naye hakuwa mjinga: kisigino cha dakika kumi alikishona saa nzima, ili mwenye kiatu akae.

Siku moja mwalimu wa shule alileta kiatu kilichofumuka ubavuni. Fundi akakisogeza dirishani. Uzi uliochakaa hukatika ukichambuka, ncha zake hazilingani. Huu ulikuwa umekatwa sawasawa. Akashusha viatu vingine sita vilivyokuwa kwenye rafu. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

"Mwalimu, hiki kimefumukaje?"

"Nilijikwaa, Fundi."

"Ulijikwaa kwenye wembe?"

Mwalimu akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Fundi alivipanga viatu vyote nje, juu ya benchi. "Warudishie wenyewe. Mimi si mtoto wa kupewa udongo nichezee." Akafunga mlango.

Walikuja wakapiga hodi. Yeye aliketi kitandani, kiganja mdomoni, akizuia kikohozi. Aliona aibu kufanywa kichekesho, na aibu kubwa zaidi ni kwamba aliwatamani. Siku ya sita asubuhi hakuja mtu. Hadi adhuhuri alikuwa ameshaenda mlangoni mara tatu kusikiliza, na mara zote alirudi kitandani akiwa amejichukia. Alitaka waache kuja, nao wameacha. Sasa alalamike kwa nani?

Alasiri benchi la mlangoni lililia, mtu ameketi.

"Shemeji, ni mimi," mwenyekiti akasema kwa nje. "Sikuleta kiatu."

Fundi akasogea mlangoni.

"Wazo la wembe lilikuwa langu. Wenzangu walifuata tu. Nilikosea, nisamehe."

"Mlinicheka?"

"Tulikucheka, nisikudanganye. Siku ile uliposhona kisigino kimoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, tulicheka tukashika mbavu. Halafu tukanyamaza, maana tulijua unachotaka."

Fundi akafungua mlango. Akaketi upande wa pili wa benchi, mikono haijui pa kukaa bila sindano.

"Dada yako ndiye aliyekuwa anaongea," akasema hatimaye. "Nikuulize, shemeji. Miaka yote ile, kuna hata mmoja aliyekuwa anakuja kwangu?"

Mwenyekiti angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimtazama usoni, machozi yakamlenga.

"Hapana, shemeji. Walikuwa wanakuja kwake."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ilimuuma hasa, akabaki akijikanda magoti. Mwenyekiti alidhani amemmaliza kabisa. Akajifunga vizuri kanga yake, akanyanyuka aende, aje siku nyingine na maneno laini zaidi.

"Usiondoke," Fundi akasema. Sauti ilikwaruza, akarudia ili asikike. "Sina la kukwambia, shemeji. Lakini usiondoke."