Kapu la Maharage la Prudensia

Prudensia wa Chonyonyo, mke wa kaka yangu, ana mdomo mkali na shingo isiyojua kuinama. Mimi ami yenu, niliyeishia darasa la sita na la saba nikalisikiliza dirishani, ndiye mtu pekee anayethubutu kumtania. Na bado humtania nikiwa karibu na mlango.

Msimu huu majirani walikuja kumsaidia kuchuma kahawa. Kuni zilikuwa za shida, basi akachemsha maharage mekundu kwa muda mfupi tu, akaifukia sufuria kwenye kapu lililoshindiliwa majani makavu ya migomba, yajiivishe kwa joto lake. Yakatoka magumugumu. Akaonja mbele yetu, kama mwenyeji anavyopaswa ili wageni wasiwe na shaka, kisha kwa majivuno akamaliza sahani nzima.

Kabla ya jioni wote tulikuwa tunatapika. Isipokuwa Prudensia, eti.

"Kaweka sumu," Sebahire alimwambia mwenyekiti wa kitongoji mbele ya watu. Huyu ni jirani anayegombania na Prudensia mpaka wa shamba. "Aliyekuwa anamtaka ni mimi. Ninyi mmeponzeka tu."

Watu wakanuna. Wakasema hawatakula tena kwake, na kahawa yake ataichuma mwenyewe.

Mwesiga, tabibu wa zahanati, akaeleza kwamba maharage mabichi yana protini fulani. Ukiitia kwenye damu, chembe nyekundu zinashikana madonge kama uji uliokorogwa na mvivu. Ikiingia tumboni, unatapika. Inakufa kwa kuchemka hasa, si kwa uvuguvugu wa kapu. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyemfundisha.

"Mbona yeye hakutapika?" Sebahire akauliza. "Ana tumbo la bati?"

Prudensia akakaza taya. Kwake, mpishi kutapika chakula chake ni kuvuliwa nguo hadharani.

"Shemeji," nikamwambia, "sema, au niseme mimi. Nilikuwa mgomba wa pili kutoka wako."

"Wewe nyamaza." Akamgeukia Sebahire. "Nilitapika. Kule migombani, mpaka nyongo. Umeshiba sasa?"

Mwenyekiti akasema hakuna sumu hapo, watu warudi kwenye kahawa.

Kesho yake Prudensia alipika tena, moto mkali, kifuniko kikirukaruka. Sebahire akaja bila salamu, akapakuliwa sahani, akamsukumia Prudensia.

"Onja. Halafu ukae hapa nikuone."

Prudensia akala kidogo, akakaa. Wakatazamana kama majogoo wawili mpaka chakula kikapoa. Sahani ya Sebahire nikaila mimi.