Bomba Imefungwa, Bomba Limefungwa

Mjukuu wangu anasomea ualimu. Juzi amekuja na neno refu la Kizungu, eti kuna namna ya kufundisha ambapo mwanafunzi anauliza na mwalimu naye anajifunza. Nilimsikiliza huku nachambua mboga. Nikamwambia hiyo nimeiona, mtaani kwetu Satellite, Nairobi, miaka ya sabini ikianza, na haikuwa na jina. Ilikuwa na bomba.

Bomba letu lilikuwa moja kwa nyumba zile zote za mabati. Lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mzee mmoja aliyepewa na ofisi ya maji ya mjini. Alifungua jua likishapanda, akishakunywa chai yake. Saa hiyo mimi niko kazini Parklands kitambo, nimeosha vyombo vya watu, nimemvalisha mtoto wa watu soksi za shule. Kwa hiyo maji ya nyumbani alichota binti yangu, ambaye ndiye mama wa huyu mjukuu. Alikuwa darasa la sita. Alikaa kwenye foleni na debe mpaka jua la utosi. Akifika shuleni amechelewa anachapwa, basi siku nyingi hakufika kabisa. Mwalimu mkuu alishaniita: mtoto akiendelea hivi, mtihani wa la saba asahau.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, huko kwetu magharibi, nikatolewa kulea wadogo zangu. Nilikuwa na mtoto huyu mmoja, na sikutaka aje kuvalisha watoto wa watu soksi. Hilo tu. Sikuwa na nguvu ya kutaka mengi.

Jioni tulikuwa na ngumbaru, ndiyo masomo ya watu wazima, katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu alikuwa msichana wa Pwani, wa buibui, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi. Sisi tulikuwa yaya, dobi, wauza mboga. Tunaingia miguu imevimba, tunakalia benchi, tunaimba kitabu: ng'ombe amelala, kuku anataga. Nilimwimba huyo ng'ombe mpaka nikamchukia. Mimi nasimama kutwa, yeye amelala.

Na kila tukifungua mdomo, mwalimu anatunyoosha. Ukisema "kitu yangu", anasema "kitu changu, mama yangu", kwa upole kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mtu aliyeshinda akirekebishwa na memsaab, sufuria hivi, pazia vile, jioni hana hamu ya kurekebishwa tena. Ukumbi ulianza kunyamaza. Mwalimu anauliza, sisi tunaangalia vidole vya miguu.

Jioni moja nilifika wenzangu wameshaanza.

"Mbona umechelewa, mama yangu?"

"Bomba imefungwa, mwalimu. Nimezunguka kuomba maji."

"Bomba limefungwa."

"Ndiyo, imefungwa."

"Limefungwa, mama."

"Haya, limefungwa. Sasa maji iko?"

Benchi zote zilicheka. Sikuwa na ujeuri, nilikuwa nimechoka tu. Mwalimu alisimama na chaki yake, nikadhani atanifukuza. Aligeuka, akafuta ng'ombe wote ubaoni, akaandika vile vile nilivyosema: BOMBA IMEFUNGWA. Chini yake akaandika ya kwao: BOMBA LIMEFUNGWA. Akasema tusome zote mbili, yule anayetaka kuandikia ofisi ashike ya chini, yule anayetaka kuita jirani ashike ya juu. Tukasoma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona maisha yangu ubaoni.

Kisha akauliza, "Na limefungwa kwa shauri la nani?"

"Shauri ya Mungu," tukajibu pamoja, kama tulivyojibu kila kitu Nairobi. Mvua ikikosa, kazi ikiisha, mtoto akifa: shauri ya Mungu.

"Kufuli ameweka Mungu?"

Jirani yangu, dobi mmoja mnene aliyeketi mbele, alikasirika. "Mwalimu, mimi nimekuja kufundishwa, sikuja kuulizwa. Kuulizwa naulizwa kutwa. Shati iko wapi, sabuni imeenda wapi."

"Naona, mama. Lakini hili silijui. Bomba ni lenu."

Huyo dobi hakupenda. Na si peke yake; wengi walitaka ng'ombe wao arudi, maana ng'ombe yuko kwenye kitabu na kitabu kina cheti. Lakini sauti moja nyuma ikasema, "Ni shauri ya mzee wa ufunguo."

"Na yeye kufungua saa hiyo, ni shauri la nani?"

Hapo tukakwama. Kila mtu alimjua yule mzee, mpaka kikohozi chake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mtu akishika ufunguo wa ofisi unadhani hata usingizi wake umetoka ofisini.

Siku yangu ya ofu, ya kupumzika kazi, nilikwenda mjini kuuliza. Dobi alinifuata. Alisema mdomo wangu utatufungisha, bora awepo mtu mwenye adabu. Tulisimama kwenye korido mpaka nikavua viatu. Karani alikuwa kijana wa tai, anapiga mihuri.

"Bomba limefungwa," nikasema, polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Hakuinua kichwa. "Mama, ni kiangazi. Hiyo ni shauri ya Mungu."

Dobi akaegemea meza. "Hapana, kijana yangu. Mungu tulishamtoa kwa hii maneno. Sema shauri ya nani."

Kijana akaacha muhuri. Aliingia ndani, akakawia, akarudi. Akasema amri ya ofisi ni bomba lifunguliwe alfajiri, na imekuwa hivyo tangu mwanzo. Mzee ataitwa. Akatutazama kama anayetuhurumia. "Kwani hamkuwahi kuuliza?"

Tukashika njia ya nyumbani. Ningefurahi, lakini nilikuwa nawaza asubuhi zote zile mtoto wangu ameketi juu ya debe.

Mzee alianza kufungua alfajiri, akinung'unika kwamba wasomi wa ngumbaru wamemnyima usingizi. Wazee wa kanisa nao walisema ukumbi ni wa kusoma, si wa siasa, na mwalimu wetu akahamishwa. Aliyekuja baadaye alimrudisha ng'ombe. Nilikaa wiki chache nikaacha. Dobi alibaki, akapata cheti chake, akakining'iniza ukutani.

Binti yangu alirudishwa darasa la sita, akakaa na watoto wadogo, magoti yanagonga dawati. Alilia. Nikamwambia lia, lakini nenda.

Asubuhi ya kwanza mzee alipofungua alfajiri kulikuwa na baridi ya Nairobi, ile ya kuingia mifupani. Nilikuwa mbele ya foleni, mgongo unaniuma hata kabla siku haijaanza. Kufuli likalia. Binti yangu alikuwa mlangoni na sare yake, anafunga mkanda.

"Lete debe ingine," nikamwita. "Bomba imefunguliwa."

"Limefunguliwa, mama."

"Wewe chota," nikamwambia. "Utachelewa shule."