Vigae vyeupe vya hoteli yangu

Leo nimegundua nimefukuza wateja bila kufungua mdomo.

Mnajua hoteli yangu ndogo hapa Masara. Wachimba dhahabu wakitoka shimoni wanakuja kwangu kula ugali na omena. Wikendi nikaweka vigae vyeupe chini na vitambaa vyeupe mezani. Nilijivunia, wacha tu.

Leo saa saba mchana, hoteli tupu.

Nikatoka nje. Wateja wangu wote wako kando ya barabara wanakula mahindi ya kuchoma.

Nikamuuliza Ouma, ambaye hula kwangu kila siku, "Kwani chakula changu kimekuwa kibaya?"

Akaangalia gambuti zake. Matope mpaka magotini.

"Min Achieng," akaniita kwa jina la mtoto wangu, "chakula ni kizuri. Lakini hapo ndani sasa ni pa watu wasafi."

Jameni. Hakuwa hata na hasira. Alikuwa ananiomba msamaha, eti anaogopa kunichafulia.

Nikarudi ndani, nikabeba benchi nikaiweka nje karibu na ukuta, na beseni la maji. Nikapakua sahani yake na yangu, tukakaa tukala. Wengine wakaanza kuja, mmoja mmoja.

Hivyo vigae nilichagua mwenyewe. Sikuuliza mtu.

Nyinyi wenye biashara, semeni ukweli, mmewahi kupendezesha mahali mkasahau wanaokaa hapo?

Vitambaa nimetoa mezani. Kimoja kiko mlangoni, watu wanapangusia gambuti.