Mshika Taulo

Mama Uzi hakumwamini mgeni wake tangu siku ya kwanza, na sababu yake ilikuwa moja: mgeni alikuwa mwema kupita kiasi.

Kanisa lao la Kibaptisti lilikuwa na kanisa rafiki ng'ambo, na mwaka ule marafiki hao wakaja kuwatembelea, watu sita na mabegi yao. Mchungaji akawagawa katika nyumba za washirika. Mama Uzi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa sababu ya nyuzi zilizomganda kwenye nguo popote aendapo. Yeye akapewa mwalimu mstaafu, mwanamke aliyelazimika kuinama ili apite mlangoni. Kabla hajashusha begi, mtaa mzima ulishamwita Mwalimu Mrefu.

Mwalimu Mrefu alitandika kitanda mwenyewe. Aliosha sahani alizolia. Alisifia chai, akasifia mapazia, akasifia hata paka. Lakini sifa nyingi kuliko zote zilimwendea kitindamimba wa nyumba ile, binti aliyekuwa sekondari.

"Huyu ana jambo lake," Mama Uzi alimwambia mumewe chumbani.

"Jambo gani?"

"Mtu mzima hasifii paka bure."

Mumewe, mchomeleaji wa mageti, alicheka mpaka akakohoa. "Labda anamtaka paka."

"Cheka tu, baba watoto. Siku akiondoka na mtoto wetu ndipo nitakuona unavyocheka."

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Watoto wake wakubwa walikwisha kuondoka, mmoja kwa ndoa, mwingine kwa kazi, na simu zao zilikuja kwa kusuasua. Huyu wa mwisho ndiye aliyebaki, na sasa kulikuwa na mtu wa ng'ambo anamshika mkono sebuleni.

Kibaya zaidi, mkalimani alikuwa binti mwenyewe. Mama Uzi alikuwa na Kiingereza cha salamu na cha bei ya vitambaa, hakikufika mbali zaidi ya hapo. Mwalimu Mrefu alisema, binti akajibu, wakasemezana tena kwa sauti ya chini, binti akatazama miguu yake. Mama Uzi alisubiri, sindano ikiwa hewani.

"Anasemaje?"

"Anasema chai nzuri, mama."

"Maneno yote yale ni chai?"

"Na sukari imekolea."

Jumapili ile binti alikuwa abatizwe. Birika la ubatizo lilikuwa chini ya mimbari, na mbao za sakafu ziliondolewa likihitajika. Katika kanisa lao kila anayebatizwa alikuwa na mshika taulo. Huyo alisimama kwenye ngazi za birika, akampokea mtu anapotoka majini na kumfunika. Baadaye alilichukua taulo, akalifua kwa mkono wake, akalirudisha nyumbani kwa aliyebatizwa likiwa kavu. Toka siku hiyo alikuwa mama wa pili. Binti akikosana na wa kwao, alikimbilia kwake. Akija mchumba, mshika taulo aliulizwa mapema. Mama mzazi hakuruhusiwa kulishika taulo la mwanawe, ila kumchagua wa kulishika ilikuwa kazi yake.

Mama Uzi alikwisha kuchagua zamani: muuza mboga wa ng'ambo ya barabara, rafiki yake tangu usichana, ambaye mlango wake aliuona vizuri akiwa kwenye cherehani.

Alhamisi alipeleka kanisani majoho ya ubatizo, aliyoyatia vijiwe kwenye pindo ili yasielee. Alipopita dirisha la ofisi alimwona Mwalimu Mrefu akizungumza na mchungaji. Mgeni aliinua kiganja kuonyesha kimo cha mtu, na kimo kile kilikuwa cha binti yake hasa. Mchungaji alitikisa kichwa kukataa, akafikiri, kisha akakubali.

Hakumuuliza mtu. Alirudi nyumbani, akachukua sweta la binti, moja tu alilokuwa nalo, akalifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. Kwa hesabu yake, nchi za wageni zina baridi, na mtoto asiye na sweta hawezi kusafirishwa.

Jumamosi jioni muuza mboga alivuka barabara, uso umemshuka.

"Mwenzangu, kama taulo hukutaka nilishike, si ungeniambia mwenyewe?"

"Nani kakwambia?"

"Mchungaji. Kaniuliza kama nitaumia nikimpisha mgeni wako. Nikadhani wewe unajua."

Mama Uzi aliinuka, nyuzi zikimning'inia, akatoka na muuza mboga nyuma yake. Mwalimu Mrefu alikuwa uani akianua nguo, binti pembeni yake na kikapu.

"Mwulize nani kampa wazo la kushika taulo lako. Na utafsiri neno kwa neno. Leo sitaki habari za chai."

Binti hakutafsiri kitu. Alikiweka kikapu chini.

"Mimi, mama."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nilimwomba. Yeye alisema ni lazima mama akubali, na mchungaji naye akasema hivyo hivyo."

"Na huyu jirani yako kakukosea nini?"

"Hajanikosea, nampenda. Lakini jambo nikimwambia asubuhi, jioni unalo wewe. Nilitaka mtu mmoja ambaye nikimwambia kitu, hakivuki barabara."

Muuza mboga alikohoa kidogo.

"Kusema haki," alisema, "hapo kanishika pabaya."

Mama Uzi alimsogelea binti. "Ni kitu gani hicho unachotaka kumwambia?"

"Ndiyo hayo sasa," alisema mumewe kutoka mlangoni.

Mwalimu Mrefu, aliyekuwa akitazama midomo yao tu, alisema maneno machache. Binti alitafsiri: "Anasema tangu afike anakuogopa, na namna ya kukuomba hajaipata. Ndiyo maana anasifia kila kitu."

"Hata paka?"

Binti aliuliza. Mgeni aliinamisha kichwa.

"Anasema paka humpigisha chafya. Hampendi kabisa."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la mgeni yule ambalo Mama Uzi aliliamini.

"Mwambie taulo hufuliwa kwa mkono," alisema. "Na hurudi hapa hapa. Haliendi ng'ambo."

Jumapili pindo lilizama vizuri. Binti alipoibuka, Mwalimu Mrefu aliinama kama mlingoti unaokunjwa, akamfunika. Mtoto alikuwa akitetemeka kwa baridi. Mama Uzi alitoka benchi la mbele, akakimbia nyumbani na kurudi na sweta.

"Nililitafuta kila mahali," binti alisema. "Lilikuwa wapi?"

"Kabatini."

Binti alimtazama sana, kisha akalivaa.

Siku ya kuondoka taulo lilikuja sebuleni kavu, limekunjwa vizuri. Mama Uzi alilinusa, akakagua pindo, akalipokea. Gari liliposimama nje, Mwalimu Mrefu na binti walisogea kando, wakaongea kwa kunong'ona, na safari hii mtoto ndiye aliyeongea zaidi. Mama Uzi alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, haukanyagi. Gari lilipowashwa alihesabu vichwa vilivyokuwamo nyuma ya dereva. Sita, kama walivyokuja.

Binti aliingia ndani, macho mekundu kidogo.

"Mlikuwa mnasemaje?"

"Anasema chai ilikuwa nzuri, mama."

Swali la pili lilimfika Mama Uzi mdomoni. Alilimeza, akakanyaga pedeli.