Begi la Mtu Mrefu

Asubuhi ile sikuwa na mpango wowote zaidi ya kuondoka. Nilikuwa na begi, nilikuwa na viatu, na barabara ya vumbi ilipita mbele ya mlango wetu pale Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi. Nikaona hayo yanatosha.

Begi lenyewe nililipata kwenye rundo la mitumba, kwa kubadilishana na redio yangu. Upande wa mgongoni lilikuwa na fremu ya mabomba membamba ya alumini, kama ngazi fupi, na juu yake umefungwa mfuko mkubwa wa kijani. Mikanda ilining'inia kila upande. Muuzaji hakujua yote ni ya nini, nami sikujua, na ndiyo maana nikalitaka. Shule niliiacha mapema kwa sababu ya namna hiyo: dirisha lilikuwa na maswali mengi kuliko ubao.

Mama mdogo, aliyenilea, alisimama mlangoni mikono kiunoni. Kila nilipowahi kuaga nilirudi kabla ya jua kuzama, mara njaa, mara mvua, mara mguu. Majirani hawakuinuka tena hata kunipa mkono.

"Sikia," akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima. "Ukilala fasi ingine leo, mi nitanyamaza, utembee dunia yote. Lakini ukirudi leo, kesho unashika jembe mpaka mavuno. Sitaki tena kusikia mambo ya safari."

"Ni sawa, mama."

"Basikie bote!"

"Basikie," nikasema, na majirani wakapiga makofi.

Basi siku ile nilikuwa na kazi moja tu: jua lizame nikiwa kwingine.

Sisi tuliokimbia kutoka Kivu ya Kusini tumekua tukiwaona mama zetu wakibeba mizigo mgongoni, kamba ikipita kwenye kipaji cha uso. Kuni, mihogo, mkaa, vyote huvutwa na kichwa. Kwa hiyo nilipoona mkanda mpana, laini, wenye sponji ndani, sikuwa na shaka. Nani angeweka sponji kama si kwa ajili ya kipaji? Ulikuwa umefungwa chini ya fremu, nikadhani kuna mtu aliyekosea kuufunga. Nikaufungua, nikauhamishia juu, nikauvaa kichwani na kuondoka nimeinama, nikisalimia watu kwa kuwatazama miguu.

Nilipita nyumba za mwisho shingo ikitetemeka. Hapo nikakutana na mama mmoja anaelekea Kashojwa na gunia la mkaa mgongoni, kamba kwenye kipaji chake. Aliponiona aliegemeza gunia kwenye ukingo wa barabara ili acheke vizuri.

"Eh, weye! Ile ni kazi yetu siye ba mama! Na ndevu zako zote?"

"Mama, shingo inataka kukatika."

"Basi turudi pamoja, nikukande na maji ya moto."

"Yote sawa, mama, lakini si kurudi." Nikamweleza habari ya jembe. Alicheka upya, mpaka akakaa chini.

"Leta huo mukaba nione."

Akaubonyeza, akaugeuza, kisha akajizungushia kiunoni. Ulimkaa kama umeshonewa yeye.

"Mutoto unamufungaka wapi?" akaniuliza. "Kwa kichwa?"

"Kwa mgongo, na nguo inakazwa chini ya makalio yake."

"Na huyu wako, ju ya nini unamutundika kwa kipaji?"

Tukautazama ule mkanda, tukatazamana. Nikaurudisha chini haraka, vidole vikigongana. Mara ya kwanza niliufunga tumboni, pumzi ikaniishia. Yule mama akanipiga kofi kwenye nyonga. "Hapa! Kwa mufupa!" Nikaufunga juu ya mfupa wa nyonga, nikakaza. Mzigo ukakaa. Shingo yangu ikawa yangu tena, nikapiga yowe la furaha.

Yowe halijaisha, begi likanivuta nyuma nusura niangukie kisogo. Mikanda ya mabega ilipaa juu, mkono mzima ungepita kati yake na mwili wangu. Aliyekuwa na begi hili kabla yangu lazima alikuwa jitu. Lakini nilipolivua niliona kwenye mabomba mstari wa matundu, na kila mkanda umeshikwa na pini iliyopita kwenye tundu. Kumbe fremu inajua kwamba watu hawalingani! Nilitaka kumkumbatia aliyeitengeneza.

Nikavuta pini ya kwanza. Ikaruka kwenye majani.

Tulikuwa tumepiga magoti, mama yule na mimi, tukipekua nyasi, boda boda iliposimama.

"Banange! Nyinyi natafuta nini hapo?"

"Pini!"

"Ya nini?"

"Ya mabega!"

Mwenye boda, Munyankore wa huku, alitutazama, akazima pikipiki, akavua kofia na kupiga magoti naye. Ndiye aliyeiona. Aliinua ile pini juu kama mtu aliyekamata samaki.

Nilishusha mikanda mno, uzito wote ukarudi mabegani. Nikapandisha tundu moja. Hapo mikanda ikalala juu ya mabega bila kuyabana, na nyonga ndizo zikabeba. Mama akalalamika kwamba mtoto wangu, yaani begi, bado anapiga mateke: sufuria na maharage nilivifunga nje, mbali na mgongo. Tukavipanga upya, blanketi chini, vizito juu na karibu na fremu. Mwisho nikavuta vile vikanda vidogo vilivyo juu ya mabega, ambavyo hata muuzaji alidhani ni mapambo. Begi zima likasogea mbele na kuniegemea.

Nikaruka. Halikuyumba. Nikakimbia mpaka kwenye kichuguu na kurudi. Mikono yote miwili ilikuwa haina kazi, nikaitumia kucheza, mwenye boda akinipigia honi.

"Sasa enda!" mama akanifokea akijibebesha gunia lake. "Ukirudi, nitakupiga mi mwenyewe!"

Nilitembea mpaka pikapu ya maziwa iliponichukua, nikakaa kati ya makopo matupu hadi Masha, ambako dereva aliishi. Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu, migomba huku, ng'ombe wa pembe ndefu kule, nikiimba ovyo. Niliingia Mbarara jua likiwa limeshuka karibu na mapaa. Sikumjua mtu hata mmoja. Furaha ikaanza kupungua kasi.

"Kijana! Unauza nini?"

Aliyeniita alikuwa mfanyabiashara mnene mwenye kanzu, mbele ya duka la magodoro. Alidhani fremu yangu ni ya kutundikia bidhaa.

"Siuzi, Hajji. Nabeba tu."

"Chuma yote hiyo, na hauchoki?"

"Jaribu."

Mkanda wa kiuno haukumfikia. Nikaurefusha hadi mwisho, nikautafuta mfupa wa nyonga chini ya kanzu, nikapandisha pini matundu mawili. Hajji akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye mizani ya jirani na kurudi, kifua mbele. Mke wake akatoka ndani.

"Hajji, unahama?"

"Nahama! Mtafute mume mwingine!"

"Uniachie ufunguo, basi."

Mtaa mzima ukacheka. Adhana ya magharibi ikasikika, nikamfungua haraka. "Unalala wapi?" akaniuliza akinyoosha kanzu.

"Bado sijui, Hajji. Lakini lazima iwe hapa."

Akamtazama mke wake, na mke wake akafungua mlango wa stoo nyuma ya duka. Magodoro mapya yalipangwa ndani, bado kwenye nailoni, hadi karibu na bati la paa. "Chagua," akasema mke wa Hajji. "Ila usitoe nailoni."

Nilipanda mpaka la juu kabisa, nailoni ikilia chini yangu, na kunyoosha mkono nikagusa bati. Lilikuwa bado na joto la mchana.