Mama Yangu Hakuwa Bubu

Mume wangu alikuwa karani wa serikali hapa Uvira. Wazungu walipoondoka baada ya uhuru, alipewa meza ya mmoja wao, nasi tukahamia nyumba ya matofali mtaa wa Nyamianda. Tukakubaliana watoto waseme Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni. Kifuliiru, lugha niliyolelewa nayo, sikuwafundisha hata salamu. Niliiona lugha ya mashambani.

Kisha waasi wakaingia bonde la Ruzizi, na mama yangu akatukimbilia kwa miguu kutoka Bwegera. Kiswahili alikielewa vizuri, maana aliuza mchele sokoni miaka mingi, ila kukisema kulimpa taabu. Wajukuu walimwita koko, yaani bibi. Akiwasemesha Kifuliiru walicheka na kumwigiza.

Siku moja wake wa makarani walikuwa wanakuja kunitembelea. Nikamwambia mama, kwa lugha yetu hiyohiyo, "Wageni wakiwa hapa usiseme Kifuliiru. Wataniona mshamba."

Alinitazama tu, akaendelea kupepeta mchele. Tangu hapo alinyamaza kabisa, wageni wawepo wasiwepo. Nami, Mungu anisamehe, nilipata nafuu.

Baada ya majuma kadhaa mgeni mmoja alimsalimia. Mama akainamisha kichwa. Mwanangu mkubwa akasema, "Koko iko bubu."

"Pole, dada," mgeni akaniambia. "Alizaliwa vile?"

Ningeweza kusema mtoto anatania. Nikajibu, "Hapana, ni ugonjwa wa utotoni."

Mama alikuwa hatua mbili kutoka nilipoketi. Mgeni alipoaga alimshika mkono, akamwambia kwa sauti kubwa, "Mungu akusaidie, mama." Mama akafungua kinywa, akakifunga bila kutoa sauti, akaweka kiganja kifuani. Aliulinda uongo wangu. Nikaenda jikoni, nikasimama pale bila kazi yoyote.

Barabara ilipokuwa salama tena alirudi kwake. Nilimsindikiza nikitafuta namna ya kuomba msamaha, nikaishia kumwuliza habari za mbegu. Akanijibu habari za mbegu.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, nilikwenda Bwegera na mwanangu yuleyule, sasa mtu mzima. Kwenye matanga watu walisimama mmoja mmoja, wakasimulia kwa Kifuliiru jinsi mama alivyowachekesha shambani, na jinsi walivyomngojea aseme kwenye kila harusi. Walicheka huku wakilia.

Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, banasema nini juu ya koko?"

"Wanasema hakuna aliyejua kuongea kama yeye."

Akanigeukia. "Lakini weye ulimwambia yule mugeni ni ugonjwa."

Mzee mmoja alikuwa amesimama kusema, nikageuka kana kwamba namsikiliza. Alitumia maneno ya zamani. Nusu yake sikuyajua tena. Watu wote wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, ili wasinigundue.