Babu Alikuwa Shahidi Tu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi, au biro, hapa Bunia, mbele yangu bwana mmoja na dada yake mkubwa. Karatasi za familia ziliungua siku za kukimbia vita. Sasa kumetulia kidogo, wakaja kuandikisha upya parsele ya babu yao, kiwanja kilichoko kule Bigo.

"Andika jina yangu peke," bwana akasema. "Babu alisemaka parsele ni ya wanaume." Dada alikunja mikono.

Karani akafungua kitabu cha zamani, akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Babu yenu iko hapa, lakini ni shahidi tu. Mwenye kununua ni bibi yake, mke wake."

Dada akapiga kigelegele hadi karani akadondosha kalamu. "Soma tena, papa!" akamwomba karani kwa heshima. "Soma kwa nguvu!" Naye akasoma mara tatu, na foleni nzima tukapiga makofi.

Bwana alikuna kichwa, kisha akacheka mpaka machozi. "Papa, andika majina yetu yote mbili. Ya yaya ianze," akamwonyesha dada yake mkubwa.

Kwetu pia kuna shamba tunaloliita la babu. Kesho narudi bironi kuuliza kitabu kinasema nani alilinunua, ila baba bado sijamwambia.